Ukaguzi wa Jukwaa la Mafuta Huisha Rangi Inapopakwa

Kila tangazo la kunadi vitalu vya mafuta vya bahari ya Lamu likitoka Nairobi, Mombasa huanza kupiga hesabu zake: bandari itapata meli za huduma, mafundi wa Changamwe watapata kazi, vyuo vitaongeza kozi za usalama wa baharini. Oktoba 2025, jirani zetu wa Msumbiji walipotia saini uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wa Coral Norte, hesabu hizo zilinenepa. Huo ni mtambo wa pili wa gesi unaoelea katika eneo la Rovuma, ambako Coral Sul ilitoa shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Suala la usalama likiguswa katika mijadala hii, jibu huwa tayari mdomoni: mtambo utakuja umeshakaguliwa, una vyeti vyake, na sisi tutaanza kazi yetu ukishatia nanga. Hapo ndipo tunapokosea. Sehemu kubwa ya ukaguzi wenye maana wa jukwaa la chuma hufanyika yadini linakojengwa, kabla halijaionja bahari, na mlango wake hufungwa siku rangi inapopita juu ya mshono. Anayengoja lifike ndipo aanze kukagua atakagua rangi.

Hakuna mfano unaofundisha hili kama Alexander L. Kielland, jukwaa lililokuwa likielea upande wa Norway wa Bahari ya Kaskazini, lililojengwa Ufaransa na kukabidhiwa mwaka 1976. Lilisimama juu ya nguzo 5 zilizofungamanishwa kwa mihimili minene ya mabomba. Katika mhimili mmoja, ulioitwa D-6, yadi ilikata tundu, ikaingiza kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti chini ya maji, kisha ikakichomelea kwa weldi ya pembe ya milimita 6. Kishikizo hakikuwa na kazi ya kubeba mzigo, kwa hiyo kilichukuliwa kama kitu cha kubandikwa tu, wala hakikupewa jicho vililopewa viungo vikuu. Chuma lakini hakisomi michoro. Mawimbi yalipouvuta na kuusukuma mhimili, kishikizo nacho kilivutwa pamoja nao. Weldi yake dhaifu ikapasuka, ufa ukahamia kwenye mhimili wenyewe na kutambaa kuuzunguka, kidogo kidogo, kwa uchovu wa chuma. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, D-6 ulikatika. Mihimili mingine 5 iliyoshika nguzo ile ikazidiwa, nguzo ikang'oka, jukwaa likapinduka. Kati ya watu 212 waliokuwemo walikufa 123. Wachunguzi walipoufungua ufa walikuta ndani yake mabaki ya rangi, yaani sehemu ya ufa ule ilikuwapo tangu yadini na mpakaji wa rangi alipita juu yake.

Mafundi wa majahazi wanalijua jambo hili bila kusoma ripoti yoyote. Kalafati, pamba inayoziba mishono ya mbao, huangaliwa kabla ya shahamu kupakwa, kwa kuwa shahamu ikishakaa mshono mzuri na mbovu huwa na sura moja. Tofauti ni kwamba jahazi linaweza kupandishwa pwani maji yakitoka na kuparuliwa upya.

Basi tuchukue weldi moja tu na tuone mkaguzi anatakiwa kuifuata vipi. Anaanzia kwenye bamba. Kila bamba la chuma hutoka kiwandani na namba ya myeyusho wake, inayolifungamanisha na cheti cha vipimo vya nguvu na mchanganyiko wa madini. Bamba likikatwa vipande, namba hiyo inapaswa kuhamishiwa kila kipande kabla ya kukata, si baada ya kipande kulala siku tatu kwenye lundo. Kipande kisicho na namba ni chuma kisicho na wazazi. Mtu anaweza kuapa kwamba kilitoka kwenye bamba fulani, lakini kiapo si kipimo. Pale ambapo bamba litavutwa kwa upande wa unene wake, kama ilivyokuwa kwenye kishikizo cha Kielland, hutakiwa chuma kilichopimwa mahususi kwa mvuto huo. Bila hivyo chuma huachana kwa matabaka ndani kwa ndani, kama chapati ya kusukuma, na juu huoni kitu.

Kutoka kwenye bamba anakwenda kwenye vijiti vya kuchomelea. Vijiti vya hidrojeni kidogo, kama E7018 ambavyo welda wengi wa hapa wanavifahamu, hunyonya unyevu wa hewa. Kanuni ya Kimarekani ya AWS D1.1, ambayo yadi nyingi duniani huifuata, inataka vikitolewa kwenye kopo lililofungwa vitunzwe katika tanuri lenye joto lisilopungua nyuzi 120 za Selsiasi, na kijiti cha kawaida cha aina hiyo kisikae nje ya tanuri zaidi ya saa 4. Katika hewa ya Mombasa, iliyoshiba maji hata kiangazi, saa hizo 4 si za kuchezea. Mambo yanapoharibika huharibika kwa njia za kawaida kabisa: tanuri limechomolewa ili soketi itumike kwa grainda, welda amebeba kifungu cha vijiti vya asubuhi mpaka saa tisa alasiri, vilivyobaki vinarudishwa tanurini bila kuhesabiwa. Unyevu huingiza hidrojeni katika weldi. Weldi inapoa ikiwa nzima na ya kupendeza, kisha hidrojeni inajikusanya polepole mpaka chuma kinapasuka chenyewe, saa nyingi baadaye, pengine siku ya pili. Ndiyo maana vipimo vya mwisho vya viungo vizito vya majukwaa ya baharini kwa kawaida husubirishwa saa 48 baada ya kuchomelea. Mkaguzi anayejua kazi yake ataweka karatasi mbili mezani, daftari la welda na ripoti ya mpimaji, na kulinganisha saa. Kama weldi ilimalizika saa kumi jioni na kupimwa saa mbili asubuhi iliyofuata, kipimo kile hakikuthibitisha kitu, hata kiwe na mihuri mitatu. Zoezi hilo linamchukua dakika 5.

Picha za eksirei nazo zina hadithi zao. Weldi iliyochomelewa kwa mkono ina mawimbi yake kama alama za vidole. Hakuna mbili zinazofanana. Mtu aliyebanwa na ratiba anaweza kupiga picha mara mbili kiungo kimoja kizuri na kuipa ya pili namba ya kiungo kibovu. Anayezitazama picha moja moja hatagundua kamwe. Anayezilaza kwenye meza ya mwanga zikiwa kumi kwa pamoja ataona pacha wasiostahili kuwapo. Vivyo hivyo kwa kadi ya welda. Aliyefaulu mtihani wa bamba lililolazwa hapaswi kukutwa akichomelea bomba lililoinama nyuzi 45, na ambaye hakuitumia mbinu husika kwa zaidi ya miezi 6 sifa yake huwa imekwisha chini ya kanuni ile ile. Na vibali vya kazi, vile vinavyoruhusu kazi ya hatari kuanza: fomu 40 zenye saini ya msimamizi mmoja, zote za saa moja kamili asubuhi. Kibali kimoja, kikitolewa kwa haki baada ya kwenda kuona mahali penyewe, hakipungui dakika 10. Arobaini ni saa 6 na dakika 40. Saini zile zilitiwa ofisini.

Uhai wa wajenzi unafuata mantiki hiyo hiyo ya kitu kisichoonekana. Gesi ya argoni inayojazwa ndani ya mabomba ya chuma kisichoshika kutu ili weldi isiungue haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa, na hutulia chini ya bomba au ndani ya tangi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikishuka chini ya 19.5 hakuna anayeruhusiwa kuingia bila kifaa cha kupumulia. Kipimo kichukuliwe juu, katikati na chini, si mlangoni tu, na kirudiwe kila watu wanapotoka kula na kurudi. Wakati wa kupima mabomba kwa maji, kwa shinikizo la mara 1.5 ya lile lililosanifiwa, hatari iko kwenye hewa iliyonaswa kwenye kona za juu. Maji hayabaniki, kwa hiyo bomba lililojaa maji matupu likipasuka humwaga. Likiwa na mfuko wa hewa, hulipuka. Ukaguzi hapa ni kuuliza swali la kipuuzi kwa masikio ya mhandisi: nani alifungua valvu ya juu, na aliona maji yakitoka bila mapovu?

Vitu hivi haviingii kwenye ule ubao wa langoni unaohesabu siku zilizopita bila ajali. Ubao unahesabu vidole vilivyobanwa na watu walioteleza, jambo jema, lakini haujui chochote kuhusu weldi. Tarehe 20 Aprili 2010, siku mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua watu 11, wakubwa wa kampuni walikuwa ndani yake, na miongoni mwa ya kupongezwa siku hiyo ilikuwa miaka 7 bila mfanyakazi kukosa kazi kwa sababu ya kuumia. Hoja kwamba rekodi nzuri ya majeraha inathibitisha mtambo salama ndiyo dhaifu kuliko zote zinazosikika katika mjadala huu, na inashangaza kwamba bado ndiyo hupigiwa makofi zaidi. Yadi zenyewe nazo si mahali pa kuaminiwa kwa jina tu. Mei mosi 2017, kwenye yadi ya Samsung huko Geoje, Korea Kusini, winchi kubwa ya daraja iligongana na winchi yenye mkono mrefu, chuma kikaangukia wafanyakazi waliokuwa wakijenga jukwaa la Martin Linge la Norway. Walikufa 6, wote wa makandarasi wadogo, siku ya wafanyakazi. Coral Sul, yenye urefu wa mita 432, ilijengwa na kampuni hiyo hiyo. Huko si kusema Coral Sul ina kasoro. Ni kusema kwamba hata yadi bora duniani huwa na winchi mbili zinazoendeshwa na watu wasiozungumza.

Hesabu nazo hukaguliwa, na hapa nitapita haraka. Tarehe 23 Agosti 1991 kitako cha zege cha jukwaa la Norway la Sleipner A kilizama katika hori karibu na Stavanger wakati kikiteremshwa kwa majaribio. Hakuna aliyekufa. Hesabu ya kompyuta ilikuwa imekadiria msongo wa ukataji, yaani nguvu inayotaka kuukata ukuta, pungufu kwa asilimia 47 katika kuta fulani. Hesabu makini zaidi zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba ukuta ungeshindwa kina kikifika mita 62. Ulishindwa kwenye 65. Nani aliyeikagua hesabu ya kwanza kwa njia isiyo ile ile ya aliyeifanya?

Wanaopinga nchi kama Kenya kujiingiza katika ukaguzi wa yadini wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba mashirika ya uainishaji, yanayokagua na kutoa vyeti vya meli na mitambo ya baharini, kama DNV, Lloyd's Register, ABS na Bureau Veritas, tayari yana wakaguzi wanaoshinda kwenye yadi hizo, wenye uzoefu ambao Mombasa haina. Ni kweli, na mtu asijidanganye kwamba mhitimu wa kozi ya wiki mbili atamfundisha mkaguzi wa DNV kusoma weldi. Lakini shirika la uainishaji hukagua dhidi ya kanuni zake, kwa mkataba na mjenzi au mwenye mtambo, na humripotia huyo. Nchi itakayoishi na mtambo huo miaka 25 mbele ya ufuo wake haimo katika mkataba. Kinachohitajika ni mtu wa nchi mwenye haki ya kuchagua weldi 10 kati ya maelfu, asubuhi ile ile, bila kutaarifu, na kuzifuata kutoka bamba hadi picha. Hiyo si kurudia kazi ya shirika. Ni kuipima kazi yenyewe.

Hoja ya pili ni gharama na muda. Kila kituo ambapo kazi inasimama kumngoja mkaguzi ni fedha, na mjenzi ataipitisha kwa mwenye mtambo, naye ataidai kama gharama ya kufidiwa kutoka mafuta ya taifa. Sikatai. Vituo vya lazima viwe vichache na vichaguliwe kwa matokeo ya kushindwa, si kwa ukubwa wa kipande. Kwa kipimo hicho kishikizo cha Kielland kingekuwamo, kwa sababu kilitoboa mhimili mkuu. Hesabu ya upande wa pili lakini haisemwi. Kazi isiyomalizika yadini haipotei, husafiri na mtambo kama viporo. Kiporo cha kuchomelea ambacho yadini kingemalizwa kwa zamu moja, baharini kinadai meli ya malazi, helikopta, kibali cha moto kando ya mabomba yenye gesi, na siku tulivu ambazo Kusi ikivuma hazipatikani kwa kuomba. Msimamizi wa yadi hulipwa mtambo ukiondoka. Ana kila sababu ya kuhamisha kiporo kutoka daraja la lazima kwenda daraja la baadaye. Mkaguzi asipotazama kitu kingine chochote wiki ya mwisho, atazame ni viporo vingapi vilibadilishwa daraja na nani aliyetia saini.

Hoja ya tatu, inayonongonwa zaidi ya kusemwa, ni kwamba mkaguzi wetu atanunuliwa. Hii siwezi kuifuta kwa wino. Naweza kusema tu kwamba hongo hustawi mahali pa maoni na hudumaa mahali pa takwimu ghafi. Ripoti inayosema hali ni ya kuridhisha inanunulika. Picha ya eksirei yenye namba, saa ya kupimwa na jina la welda, iliyo mikononi mwa ofisi mbili tofauti, ina bei kubwa zaidi.

Wapo pia wasemao hatuna jukwaa lolote, tunabishania nini. Hao wasimame Kipevu watazame majini. Gati jipya la mafuta lililofunguliwa Agosti 2022 lina urefu wa mita 770 na nafasi 4 za meli, limejengwa ndani ya maji, na mabomba yake yanapita chini ya sakafu ya bahari. Linaitwa gati, lakini elimu yake ni ya jukwaa: nguzo za chuma katika eneo maji yanapopiga na kukauka, ambako kutu hula haraka kuliko penginepo, mabomba ya shinikizo, kazi za moto juu ya maji. Wakaguzi wa kufundishwa wana darasa lao hapa hapa Kilindini.

Tatizo kubwa liko kwenye sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 11, inamtaka mwenye mahali pa kazi afanyiwe ukaguzi kamili angalau mara moja katika kila miezi 12 na mshauri aliyeidhinishwa, nakala iende kwa Mkurugenzi. Kwa kiwanda cha unga Shimanzi utaratibu huo unatosha. Mashine ya Januari ndiyo ya Desemba. Kwa ujenzi hautoshi hata kidogo. Weldi huishi wazi siku chache tu kati ya kuchomelewa na kupakwa rangi, na ukaguzi wa mara moja kwa mwaka utaziona chache sana. Tena mshauri huyo analipwa na anayekaguliwa. Wengine huchanganya ukaguzi huu na ule wa mazingira unaopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wakidhani ripoti moja inaziba nafasi ya nyingine. Ripoti ya mazingira itasema mafuta yakimwagika yaende wapi. Haitasema bomba litapasuka wapi.

Uingereza ililipa ada ya somo la uhuru wa mkaguzi kwa maisha ya watu 167 waliokufa kwenye jukwaa la Piper Alpha tarehe 6 Julai 1988. Valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imetolewa kwa matengenezo, kibali chake hakikukutanishwa na kibali cha pampu, na zamu ya usiku ikaiwasha pampu hiyo. Mkaguzi wa wizara alikuwa amepita pale Juni, mwezi mmoja kabla. Ripoti ya Lord Cullen ya 1990, yenye mapendekezo 106, iliona ukaguzi wa aina hiyo haukuwa na kina, na usimamizi wa usalama ukahamishwa kutoka wizara iliyokuwa ikisukuma uzalishaji kwenda kwa mamlaka ya afya na usalama kazini. Kwetu Sheria ya Petroli ya 2019 imeweka udhibiti kwa EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, usalama kazini uko Wizara ya Kazi, vyombo vya majini viko kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya yenye makao hapa Mombasa. Mtambo unaoelea ni chombo, ni mahali pa kazi na ni kisima kwa wakati mmoja. Bila kuandikwa mapema nani ana kauli ya mwisho ya kusimamisha kazi, watatu hao watapelekeana barua huku rangi ikikauka.

Mahali pa kuliandika ni kwenye mkataba wa kitalu, kabla ya kisima cha kwanza, wakati mwekezaji bado anataka saini yetu. Vifungu vitatu vinatosha kuanzia: haki ya kuingia yadini bila taarifa, popote mtambo ujengwapo, gharama za wakaguzi zilipwe kupitia mfuko wa mdhibiti, si hundi ya mjenzi, na nakala ghafi za picha, daftari za welda na orodha za viporo zihifadhiwe Mombasa kwa maisha yote ya mtambo. Hicho cha tatu ndicho mawakili wa kampuni watakachokipinga zaidi, na ndicho cha mwisho kuachia mezani. Ufa ukionekana mwaka wa 15, swali la kwanza litakuwa weldi ile ilichomelewa na nani, kwa kijiti gani, na ilipimwa saa ngapi.